Ukilipwa, Ungelipwa

Vitenzi vyenyewe ni kumi na viwili tu. Nimeviandika nyuma ya kijitabu cha gari, pale ninapojaza kilomita, kwa sababu ukurasa ule nauangalia kila siku nitake nisitake: decir, hacer, haber, poder, querer, saber, caber, poner, salir, tener, valer, venir.

Mimi ni dereva na mwongozaji wa watalii hapa Voi. Wenzangu wengi wamejifunza Kiitaliano au Kijerumani, na si ajabu, Malindi imejaa Waitaliano na Diani imejaa Wajerumani, na wote hao wakitaka kuona ndovu wekundu wanaletwa Tsavo Mashariki. Mimi nilichagua Kihispania kwa hesabu ya sokoni. Kitu ambacho wengine hawana ndicho unachouza. Mgeni mmoja aliacha kitabu cha sarufi kwenye mfuko wa nyuma ya kiti, nikampigia kampuni yake, wakasema kaa nacho. Basi nikakaa nacho.

Ukitaka kusema "ningefanya hivi" kwa Kihispania, kwa kawaida kazi ni nyepesi. Unachukua kitenzi kizima kama kilivyo, hukati kitu, unakibandika -ía mwishoni. Hablar ni kuongea, hablaría, ningeongea. Comer ni kula, comería, ningekula. Vivir, kuishi, viviría. Baada ya kupigwa na nyakati zilizopita za lugha hiyo, ambazo ziko nyingi kama kona za barabara ya kupanda Wundanyi, unafika hapa unapumua. Halafu unakutana na wale kumi na wawili. Tener haisemi tenería, inasema tendría. Venir, vendría. Poder, podría. Hacer inapoteza katikati yake yote na kuwa haría. Decir, diría.

Sababu ni uzee na matumizi. Poder ilikuwa podería, watu wakaharakisha, irabu ikaanguka. Tener ilipoangusha irabu yake ikabaki na n na r zikigongana mdomoni, basi ulimi ukaingiza d katikati ili upite vizuri. Hakuna mwanachuoni aliyekaa akabuni fujo hii. Ni midomo ya watu wa kawaida, miaka mia kadhaa, wakisema maneno wanayoyahitaji zaidi. Angalia orodha tena: kusema, kufanya, kuweza, kutaka, kujua, kuweka, kutoka, kuwa na kitu, kuja, kuwa na thamani, kuenea mahali. Hakuna kitenzi cha mapambo hapo. Mtu akikaa kuwaza maisha ambayo hakuishi, hivyo ndivyo vitenzi anavyovishika kwanza.

Lililonishangaza zaidi ni waliokosekana kwenye orodha. Ser na ir, kuwa na kwenda, ni wakorofi kwelikweli kwenye lugha ile. Leo ni soy, juzi ni fui, na fui hiyohiyo ndiyo "nilikuwa" na ndiyo "nilienda", usiniulize. Lakini ukiviingiza kwenye ningeningeni hii, vinatulia kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Sería. Iría. Ni kama kwamba kuwa na kwenda ni vigumu tu kwenye maisha yaliyotokea.

Sisi nasi tuna wetu. Kwa Kiswahili wanaoleta shida ni wale wafupi: kula, kunywa, kuja, kufa, kuwa. Husemi "ningeja". Unasema ningekuja, na ile ku- inabaki ndani hata kama haina kazi ya maana. Kazi yake ni mkazo. Sauti ya Kiswahili inalemea silabi ya pili kutoka mwisho, na -nge- haiwezi kubeba mzigo huo. Ukiiachia yenyewe inaanguka, kwa hiyo unaletewa ku- ya kuishika mkono. Lakini angalia -ki-. Nikija. Nikila. Nikifa. Hapo hakuna ku-. Ile -ki- inabeba mkazo peke yake, bila msaada. Na kupa hatuna haja ya kuihangaikia, kwa sababu neno hilo halitembei bila mtu ndani yake: ningempa, ningekupa.

Shuleni tulifundishwa kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado lina nafasi, na -ngali- ni ya jambo ambalo mlango wake umefungwa. Ningekuwa na pesa ningenunua, labda nitazipata kesho. Ningalikuwa na pesa ningalinunua, na duka lenyewe siku hizi ni kanisa. Kuzichanganya kwenye sentensi moja kulikuwa na alama zake nyekundu kwenye insha. Ukishuka steji ya Voi na sheria hiyo mfukoni utaitafuta sana. Watu wanatumia -nge- kwa yote, ya jana na ya kesho, na wale wa kutoka upande wa Mombasa wanakuja na -ngeli- yao, na kila mtu anaelewana na mwenzake. Muktadha unafanya kazi ambayo silabi ilikataa.

Kitabu changu kinasema pia kwamba umbo hili ni la adabu. Me gustaría, ningependa. Podría, ungeweza. Nilicheka kidogo. Hapa kwetu ningependa ni lugha ya mwenye maikrofoni: ningependa kuchukua fursa hii. Ukiingia kibandani ukasema "ningependa chai" mama atakuangalia kama mtu aliyetumwa na kaunti. Sisi tunasema "nisaidie chai", na adabu iko kwenye sauti. Baadaye wageni wakaniambia kwamba hata kule kwao, kwenye baa, watu wanasema ponme un café, niwekee kahawa, basi. Kitabu kina adabu kuliko wenyewe.

Kuna undugu mwingine ambao haumo kitabuni. Waislamu walitawala sehemu za Uhispania kuanzia 711 hadi 1492, na Kiarabu kikaacha vitu vyake mle ndani kama kilivyoviacha pwani yetu. Azúcar ni sukari. Alcalde, meya wao, ni kadhi wetu. Na mtu wa huko akitamani kitu ambacho huenda kisiwe, anaanza na ojalá, neno lililotoka kwa Kiarabu cha Andalusia likiwa na maana ya Mungu akitaka. Mswahili anaanza na laiti, ambalo nalo ni la Kiarabu. Yaani lugha mbili zilizo mbali hivi, zilipokosa neno la kutamani, zilienda kukopa duka moja.

Sasa nifike kwa mjomba wangu.

Sagalla ya chini ni karibu na mji wa Voi, unaweza kuona taa za mji usiku, lakini ndovu nao wanaiona. Mbuga za Tsavo zinachukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii, na ndovu hajui mpaka wa nusu yake ni upi. Januari ya 2018 mahindi ya mvua za vuli yalikuwa yamesimama vizuri, baada ya ukame uliotangulia. Mjomba alisikia mabua yakivunjika. Akachukua tochi na debe la kupiga, kama alivyofanya usiku mwingine mwingi, akatoka. Hakurudi.

Matanga ya mtu aliyekufa ghafla yana sarufi yake. Kila anayefika analeta -nge- yake pamoja na kilo yake ya sukari. Angelala. Angewaita majirani kwanza. Angekuwa na tochi kubwa kidogo. Mvua isingenyesha mwaka ule, mahindi yasingekuwepo, ndovu wasingekuja. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikisikia mjomba akiokolewa kila dakika tano na mtu tofauti. Na wote walikuwa wanampenda, sisemi vinginevyo. Ila ukisikiliza vizuri, ndani ya kila sentensi kulikuwa na kidole kidogo kinachomwelekea yeye. Sentensi ya -nge- haiwezi kuanza mpaka uchague ni kitu gani kibadilike, na pale kila mtu alichagua mguu wa mjomba kutoka mlangoni.

Anti, mke wake, alijibu kila mtu kwa -li-. Alitoka. Alichukua tochi. Ilikuwa kama saa nane. Walikuwa watatu. Mtu akisema angelala, yeye anasema alitoka. Mpaka siku ya tatu, binamu mmoja kutoka Mombasa, mtu wa kuongea sana, akasema tena kwamba angelala tu, mahindi ni nini, mahindi si yananunuliwa. Anti akamgeukia.

"Haya baba, angelala. Watoto wangekula nini?"

Hiyo ndiyo -nge- pekee niliyomsikia akiitumia juma lile lote. Binamu alienda kuangalia gari lake.

Kila kitabu cha Kihispania, nimeshaona vitatu sasa, kikifika kwenye somo hili kina zoezi lilelile: ungefanya nini ukiwa na milioni moja? ¿Qué harías con un millón de euros? Unatakiwa kujibu kwa viajaría, compraría, ningesafiri, ningenunua nyumba ufukweni. Wanafunzi wa Madrid labda wanafurahia. Mimi nilifika ukurasa huo nikiwa nimeegesha nje ya lango la mbuga, nikisubiri wageni wamalize kulipia, na nikafunga kitabu, kwa sababu kwetu zoezi hilo si zoezi. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 imeandika kiasi. Mtu akiuawa na mnyama kama ndovu, familia ilipwe shilingi milioni 5. Ulemavu wa kudumu, milioni 3. Majeraha mengine, hadi milioni 2. Fomu zikajazwa, picha zikaambatishwa, barua ya chifu, ripoti ya polisi, cheti cha kifo. Faili likapelekwa ofisini.

Hapo ndipo nilipoanza kusikia kitu ambacho bila Kihispania nadhani kingenipita.

Mwaka wa kwanza majirani walimwambia anti: "Mama, ukilipwa utajenga ya mawe." Ukilipwa, utajenga. Hiyo -ki- iliyosimama peke yake. Walimshauri hadi rangi ya mabati. Ukilipwa usimwambie fulani. Ukilipwa mpeleke huyu kijana chuo, Taita Taveta University si iko hapo tu, atakuwa akienda na kurudi. Walikuwa wanaongea kuhusu pesa zilizoko njiani, kama mtu anayesubiri gari la saa kumi.

Korona ikaja, ikaenda. Siku moja nikiwa nimepanda Sagalla kumletea unga, jirani akapita akasema, kwa upole kabisa: "Lakini ungelipwa, ungejenga." Nikashtuka kidogo nikiwa na gunia begani. Hakuna kikao kilichofanyika. Hakuna aliyetangaza kwamba kuanzia leo tunahama kutoka -ki- kwenda -nge-. Lakini nikaanza kusikiliza, na kweli walikuwa wamehama wote, kuanzia chifu mstaafu hadi watoto. Ungelipwa, ungenunua ng'ombe wa maziwa. Ungelipwa, paa hili lisingevuja. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu na hakuna aliyesikia ukilia.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa zamani, mtu wa Kiswahili sanifu asiyekosea, akaja kumsalimia. Akaangalia nyumba, akatikisa kichwa. "Ungalilipwa wakati ule, simiti ilikuwa rahisi." Akaendelea kunywa chai yake. Mimi niliiweka chini kikombe. Kwa miaka yote niliyokaa steji nilikuwa nimeamini kwamba -ngali- imekufa midomoni mwa watu wa kaunti hii, na hii hapa, hai, imekuja na mzee wa watu kumwambia mjane kwamba imeisha.

Anti hakuinua kichwa kwenye maharagwe aliyokuwa anachagua. "Nikilipwa," alisema, "nitanunua hata kwa bei hiyo ya sasa."

Sijawahi kumuuliza kama anaamini. Ni swali la mtu ambaye hana faili. Ninachojua ni kwamba kila baada ya miezi michache anavaa viatu vyake vya kanisa, anashuka mjini, anauliza, anapanda tena. Huwezi kuvaa viatu vya kanisa kwa ajili ya -nge-.

Julai iliyopita nilibeba mume na mke kutoka Burgos, kaskazini ya Uhispania, wote wastaafu. Mama yule alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na ana bustani ya mboga, huerta, ambayo aliniambia habari zake tangu lango la Voi hadi bwawa la Aruba. Tulipofika ndovu walikuwa wanaoga vumbi, wakubwa kwa wadogo, wekundu kama udongo wenyewe. Akatazama muda mrefu. Halafu akasema: "Si yo tendría un bicho de esos en la huerta..." Ningekuwa na mdudu kama huyo bustanini...

Mumewe akamkatiza bila hata kushusha darubini. "Tuviera."

Nikajua wanachogombania. Kwa Kihispania cha kitabuni huruhusiwi kuvaa -ría pande zote mbili za sentensi kama tunavyofanya sisi. Upande wa matokeo ni tendría, haría, vendría. Upande wa "kama" una nguo yake tofauti, tuviera, hiciera, viniera. Lakini watu wa kaskazini ile, Burgos na kuelekea kwa Wabasko, wanatumia -ría kotekote, na walimu wamepiga kelele hadi wakachoka.

"Tendría," mama akarudia. "Mimi ni wa Burgos na niko likizo."

Nilimpenda hapohapo. Nikamwambia kwetu tunasema kama yeye, ningekuwa, ninge-, pande zote mbili. Akamgeukia mumewe kama aliyeshinda kesi.

Halafu akauliza swali ambalo wageni huuliza, kama hawa wanyama wanaua watu. Kwa kawaida nina jibu fupi. Siku ile sikulitumia, labda kwa sababu ya ile huerta. Nikamwambia habari za mjomba. Nilitumia kitu ambacho nilikuwa nimekisoma lakini sijawahi kupata pa kukitia: kwa Kihispania, ukikisia saa ya jambo lililopita, unatumia umbo hilohilo. Serían las dos de la mañana. "Ingekuwa" saa nane za usiku, neno kwa neno, ingawa maana yake ni kwamba ilikuwa kama saa nane. Nilisema serían nikasikia sauti ya anti, ilikuwa kama saa nane, na kwa mara ya kwanza niliona lugha moja ikitumia silabi ya mambo yasiyotokea kueleza jambo lililotokea.

Mama yule alinyamaza kidogo. "Na asingetoka nje," akauliza, "ingekuwaje?" Aliuliza kwa Kihispania kirefu, na hubiera salido safi ndani yake, mumewe hakuwa na la kurekebisha.

"Habrían comido el maíz," nikasema. Wangekula mahindi.

Alielewa. Ana bustani.

Siku hizi anti ana uzio wa mizinga. Si wazo lake peke yake, Sagalla ndiko watafiti wa ndovu na nyuki wamekuwa wakijaribu jambo hili tangu 2009: mizinga inaning'inizwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya, ndovu akigusa waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka na hasira zao, ndovu anageuza. Haizuii kila mmoja wala kila usiku. Lakini msimu uliopita alivuna mahindi, na akavuna asali juu yake, nyeusi, yenye ladha ya vichaka vya huku.

Nilipompelekea picha ya wale wa Burgos alitaka kujua kama wanakula asali. Nikamwambia nadhani wanakula. Akauliza kundi lingine linakuja lini. Nikamwambia Agosti, wakithibitisha.

"Wakija wapitishe huku," akasema. "Chupa ni mia tano. Ndogo, mia tatu."